Kwenye Fomu Tuliandika Hakuna

Haika mwanangu,

Mama yako yuko chumba cha pili anabadilisha zipu ya lile koti lako la manyoya ya bata. Kwa jinsi anavyoigombeza cherehani, najua ana kazi ya kama saa moja. Wewe umetoka kwenda kuwaaga wenzako wa ukumbi wa kukwea. Kwa hiyo nina saa moja ya kuandika jambo ambalo nimeshindwa kulisema tangu uzaliwe. Uniwie radhi kwa mwandiko, maana mkono huu kwa miaka mingi umeandika namba za magari getini na si kingine.

Habari za soksi, mafuta ya midomo na dawa ya tumbo sitazigusa. Mama yako amezisema, mama mchungaji amezirudia, na Maman Odette wa saluni ya chini amekuombea kwa Kifaransa mpaka maji yakakauka kwenye birika. Umeshauriwa vya kutosha kwa safari tatu.

Naandika kwa Kiswahili nikijua utasoma polepole, midomo ikicheza, kama ulivyokuwa ukisoma Biblia ya bibi yako. Kiingereza changu unakijua, kinatosha kumwambia mtu asaini na asogeze gari. Tena uongo wenyewe niliusema kwa Kiswahili. Acha nao utoke kwa Kiswahili.

Nianze na ile fomu. Unakumbuka ilikuwa Jumamosi, tumemaliza kula, mama yako amesharudi kwenye cherehani yake pale dirishani. Ulikuwa umechapisha kurasa nne alizotuma daktari wa msafara wenu, unatusomea swali moja moja na kututafsiria. Pumu? Hakuna. Moyo? Hakuna. Kisukari? Mama yako akasema ni bibi tu, uzeeni. Halafu ukageuza ukurasa.

"Baba, wanauliza kama kuna mtu wa ukoo aliyewahi kuumwa kwa sababu ya altitude. Yaani mlima wenyewe umemuumiza."

Mimi nilikuwa na kijiko mdomoni. Mama yako akajibu bila kuinua macho: "Kaka yangu alifia mlimani, lakini ile ilikuwa nimonia. Mvua ilimnyeshea siku tatu. Si ndivyo, Baba Haika?"

Nikasema, "Ndivyo."

"So, hakuna," ukasema wewe, ukaandika, ukageuza ukurasa tena. Mwandiko wako mzuri. Nililitazama neno lile kutoka ng'ambo ya meza nikalisoma kichwa chini miguu juu, nikaendelea kula.

Haikuwa nimonia, Haika. Mjomba wako Eliamani aliuawa na mlima, na mlima ulisaidiwa na mimi.

Unajua nilikuwa mpagazi, hilo sijawahi kulificha. Nimelisimulia kupita kiasi, kila tukipata wageni, kila ukileta rafiki zako, mpaka mama yako ananikatiza. Nimekusimulia jinsi tulivyokuwa tunapima mizigo kwenye mizani ya lango la Machame, jinsi tulivyokunja kanga tukaiweka shingoni chini ya gunia, jinsi mpishi wetu alivyoweza kukaanga mayai thelathini upepo ukivuma. Nimekusimulia kwamba sisi tuliitwa wagumu. Watu wote mlimani walituita hivyo, nasi tukajiita hivyo kwa fahari. Ulipokuwa mtoto ukianguka ukachubua goti pale barazani nilikuambia, mgumu halii. Ukafuta machozi ukasema, "Mimi mgumu." Ulikuwa na miaka minne. Nilifurahi sana siku ile, na leo naichukia furaha ile.

Kitu ambacho sikukusimulia ni namna ugumu huo ulivyokuwa unafanya kazi. Wageni walikuwa wanaambiwa pole pole. Neno hilo umelisikia ulipopanda Kibo mwaka jana, limechapwa mpaka kwenye fulana. Pole pole lilikuwa neno la wageni. Sisi tulikunja mahema wao wakishaondoka, tukabeba, tukawapita njiani mbio mbio, ili wakifika kambini wakute hema limesimama na maji ya moto yako tayari. Njia ambayo mgeni alipewa siku nzima kuipanda sisi tuliimaliza kwa nusu ya siku, tukiwa na gunia shingoni. Jioni kiongozi wa msafara alipita hema kwa hema akiwauliza wageni mmoja mmoja: umekula, umelala, kichwa, tumbo, kifua? Anaandika kwenye daftari. Akimaliza anakuja kusimama mlangoni pa hema la jikoni tulipolala sisi kumi na nane, anauliza mara moja kwa wote: "Nani anaumwa?"

Tunajibu wote: "Hakuna, mkuu!"

Hiyo ndiyo ilikuwa hospitali yetu. Kuumwa tuliumwa, sana. Tulikuwa na vidonge vya kichwa vimefungwa kwenye pembe ya leso, tunagawana gizani kimya kimya. Aliyesema anaumwa alirudishwa chini siku ile ile, na akifika langoni jina lake limeshamtangulia. Anaitwa laini. Safari ijayo, pale wanaume mia wanaposimama langoni wakisubiri kuchaguliwa, kidole kinamruka. Watu walificha homa, wakaficha damu ya pua. Mmoja wetu alificha jicho ambalo lilikuwa halioni kwa siku mbili. Hata kufundishana tulifundishana: ukitaka kukohoa kohoa wakati jiko linawaka, kila mtu atadhani ni moshi.

Hilo la moshi nilimfundisha mimi mjomba wako.

Eliamani alikuwa na miaka ishirini na minne, mimi ishirini na saba. Mama yako nilikuwa nimemwoa miezi minane kabla. Eliamani alikuwa fundi wa redio, mtu wa mikono mizuri, mcheshi, akiniita "shemeji tajiri" kwa sababu nilikuwa na viatu viwili. Redio zilikuwa zimeanza kukosa wateja, akaniomba nimwingize mlimani. Nikamdhamini. Nilimwambia kiongozi wetu, huyu ni damu yangu, mgumu kuliko mimi. Safari mbili za kwanza alikwenda vizuri mpaka kambi za kati. Ya tatu tulipewa kundi la watu waliokuwa na haraka, tukaunganisha siku mbili kuwa moja.

Alianza kukohoa kambi ya Shira. Kikohozi kikavu, nikampa kidonge. Kambi ya Barranco akawa anahema hata amekaa. Nikamwuliza, akaniambia, "Shemeji, kifua kimejaa. Nikilala nasikia kinachemka." Nikamwambia alale ameegemea gunia. Asubuhi alikuwa amechelewa kukunja hema, na kiongozi akamwona. Akamwita mbele yetu wote. Sasa sikiliza vizuri, Haika, kwa sababu mtu yule hakuwa mbaya. Alimtazama usoni akamwuliza yeye mwenyewe, kwa upole: "Kijana, kifua vipi?"

Eliamani akanitazama mimi. Kama angetazama pembeni labda ningenyamaza.

Nikajibu: "Moshi wa jiko tu, mkuu. Watu wa mjini hawajazoea."

Watu wakacheka. Eliamani naye akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, tukazidi kucheka. Kiongozi akasema haya, twende.

Kwa muda mrefu nilijidanganya kwamba nilisema vile ili kumlinda shemeji yangu asipoteze kazi. Huo ni uongo juu ya uongo. Wiki ile nilikuwa nimeahidiwa kupandishwa kuwa msaidizi wa kiongozi. Ningetua gunia, ningetembea na fimbo mkononi mbele ya wageni nikisema pole pole. Mtu niliyemdhamini mwenyewe akirudishwa chini, ahadi ile ingerudi naye. Nililijua hilo wakati nafungua mdomo. Sikuwa nikimlinda yeye hata kidogo.

Kambi ya Barafu alifika wa mwisho. Alikaa juu ya mzigo wake na hakuinuka tena. Midomo ilikuwa ya zambarau, na alipokohoa kwenye leso kulikuwa na povu lenye rangi ya waridi. Hapo ndipo kila mtu akawa daktari. Tulimweka kwenye machela ile ya gurudumu moja tukakimbia naye kuelekea lango la Mweka, sita kwa zamu, mimi sikukubali kupokelewa. Nilikuwa namwambia, shuka, shuka, tunashuka, kama vile yeye ndiye aliyekuwa akikataa. Alikata roho pale msitu unapoanza. Pale hewa ilikuwa tele, Haika. Hewa ya bure, nzito, yenye harufu ya majani, nasi tulikuwa tumechelewa kumfikisha.

Mjini daktari aliniita pembeni kwa kuwa nilikuwa ndugu. Akaniambia mapafu yalijaa maji kwa sababu ya kupanda juu upesi, na kwamba dawa ya kwanza ya ugonjwa ule ni kushuka. Angeteremshwa siku moja kabla, alisema, angekuwa anakula ugali sasa hivi. Kisha akaongeza jambo ambalo ndilo linaloniandikisha barua hii. Alisema kuna watu ambao mapafu yao hayapatani na juu, na mara nyingine hali hiyo hutembea katika ukoo. Akaniuliza kama marehemu alikuwa na ndugu. Nikasema ana dada. Akasema, "Mwambieni dada yake, na watoto wake baadaye."

Nilitoka hospitali nikakuta wakwe zangu wamekaa chini ya ukuta. Mama yako alinyanyuka akanishika mashati akauliza: "Amekufa na nini?" Nikasema nimonia. Lilikuwa neno lililokuwa karibu. Nilifikiri nitalirekebisha baada ya mazishi, halafu baada ya arobaini. Baada ya hapo mama yako akawa na mimba yako, na nani anamwambia mwanamke mjamzito maneno kama yale? Kila siku ilikuwa na sababu yake nzuri. Wazee wetu walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini kifo hakikuniumbua mimi. Kilimchukua mwingine, nami nikabaki na heshima zangu, shemeji aliyekimbia na machela bila kupokelewa.

Hiyo ndiyo sababu iliyotuleta Johannesburg. Umezoea kusikia kwamba tulifuata kazi. Nilikuwa nakimbia mlima, kwa sababu kule kwetu hata ukienda chooni asubuhi unauona.

Na usidhani nilijifunza. Mtu hafunzwi na maiti moja. Ulikuwa na miaka mitano tulipokuwa bado tunaishi mtaa wa Alexandra, mambo yalipoanza kuchafuka na sisi wageni tukaanza kuwindwa, watu wakigongewa milango wakiulizwa wanatoka wapi. Mama yako alisema tuondoke Jumapili. Nikamwambia yatapita, mimi mgumu, siwezi kukimbia kwa kelele za vijana. Hakubishana nami. Alikufunga mgongoni mkubwa vile, miguu yako inaning'inia, akachukua mkasi wake na vyeti, akatembea mpaka kituo cha polisi. Mimi nikabaki kulinda friji. Friji walichukua, na sikio langu la kushoto unalijua lilivyo. Katika nyumba hii anayejua kushuka ni mama yako. Mimi najua kubeba tu.

Sasa nakuja kwako.

Mwaka jana uliporudi kutoka Kibo, ngozi ya pua imebabuka, umekaa pale kwenye kochi unatuonyesha picha, mama yako anapiga vigelegele mpaka majirani wanagonga ukuta. Alipokwenda kuleta chai uliniinamia ukanong'ona, unacheka.

"Eish Baba, nilikohoa Barafu, sijawahi kuona. Kifua kinachemka kama birika. Lakini sikumwambia mtu, nikameza vidonge nikanyamaza, sharp, mambo safi. Si mimi mgumu kama wewe?"

Nikakupiga bega. Nikasema, "Damu yangu hiyo." Halafu nikatoka kwenye korido nikashika ukuta, na Maman Odette aliyekuwa anapanda ngazi akaniuliza: "Papa Haika, uko muzuri? Juu ya nini unatetemeka?" Nikamwambia ni furaha. Ukiniuliza ni siku gani nilipaswa kusema, ilikuwa siku ile. Fomu ilikuwa nafasi ya pili. Leo ni ya tatu, na kesho jioni ndege inaruka.

Si damu yangu hiyo, mwanangu. Ni ya mjomba wako. Alinena maneno yale yale, ya kifua kinachochemka, na wewe hukuwahi kumsikia.

Unaniambia hiki mnachokwenda kupanda kwanza ni kilele kidogo, cha mazoezi, ili miili izoee kabla ya ule mlima mkubwa. Kila ukisema kidogo natamani kucheka. Hicho kidogo chenu kinaupita Kibo kwa zaidi ya mita mia mbili. Umekipandia ngazi za jengo hili miezi saba na mfuko wa unga wa kilo kumi mgongoni, mpaka Maman Odette akauliza, "Weye Haika, ile bunga unaipandisha yulu kila siku unaishusha, iko na kosa gani?" Tulicheka wote. Lakini umeniambia pia kwamba kiongozi wenu amesema atakayesuasua kwenye kilele kidogo hataendelea na mkubwa. Ulilisema kwa kupita tu, unafunga kamba za viatu. Nikaona lango la Machame. Nikawaona wanaume mia wamesimama, na kidole kinachagua. Wamewaambia jambo lile lile tuliloambiwa sisi, ila ninyi mmeambiwa kwa tabasamu na mmepewa makoti mazuri. Mtu akisikia hivyo, akiumwa atasema nini? Atasema hakuna, mkuu.

Siupendi mlima wako. Nimejaribu. Nimesimama kwenye picha na wadhamini wako, nimekenua meno, nimewaonyesha wenzangu getini gazeti lenye sura yako. Lakini kila nikikuona na kamba kiunoni moyo wangu unakuwa mchungu, na uchungu huo nimekuwa nikikumwagia wewe. Nilipokuambia mwezi uliopita kwamba kukwea ni mchezo wa matajiri na wewe ni binti wa mlinzi, ukaondoka mezani bila kula, sikuwa nasema juu yako. Nisamehe kwa hilo. Hili kubwa sikuombi unisamehe, hata sijui nani ana haki ya kunisamehe.

Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Zamani nilidhani walikuwa wanamcheka mpandaji kwamba miiba itamchoma akishuka. Siku hizi naisikia vingine. Naona ngoma yenyewe ni kuthubutu kushuka mbele ya watu walioona unavyopanda. Mimi sikuthubutu hata kushuka kwenye neno moja.

Kule utakuwa mgeni, Haika. Lifikirie hilo. Wewe, mtoto wa mgumu, utabebewa mzigo. Watu wa kule watakupita njiani mbio mbio na begi lako mgongoni, mkanda wake umekazwa kwenye paji la uso, na ukifika utakuta hema limesimama. Jioni mkimaliza kupimana hewa ya damu kidoleni kwa kale kadude kenu, nenda mlangoni pa hema la jikoni. Usiwaulize wote kwa pamoja. Mtu akikuambia hajambo huku anakohoa na jiko linawaka, ngoja jiko lizimwe, kisha mtazame tena. Mtu wa kunifanyia hivyo hakuwepo, na pengine ningemdanganya. Lakini Eliamani angekuwa ametazamwa.

Na wewe mwenyewe. Nilitaka nikuandikie maneno mazito hapa, nikayafuta. Nasema hivi tu: kifua kikichemka, shuka siku ile ile. Usisubiri asubuhi, usimtazame mtu usoni ili akujibie. Ukirudi hapa mtaani kwetu La Rochelle bila kilele kidogo wala kikubwa, nitakuja kukupokea uwanja wa ndege nikiwa na suti ile ile ya harusi, na atakayekuita laini atanijibu mimi.

Kuhusu fomu. Nakala yake iko kwenye faili lako la bluu pamoja na pasipoti. Daktari wenu mnasafiri naye, mtakutana kesho uwanjani. Pale ulipoandika hakuna si kweli, na ukipasahihisha huenda akakuzuia. Najua. Najua ngazi zile zote, najua unga ule, najua wadhamini wamekwisha kununua tiketi. Nimekaa na jambo hili mpaka siku ya mwisho, na sasa ukweli wangu unakugharimu wewe, kama vile uongo wangu ulivyomgharimu yeye. Inaonekana kila mara nalipiwa na mtu mwingine. Nilitaka kuandika kwamba uamuzi ni wako. Kisha nilitaka kukuomba usimwambie mama yako kwanza, mpaka urudi. Niliiandika sentensi hiyo nzima kabla sijaiona ilivyo. Utaiona hapo juu nilipokata kwa kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Cherehani imenyamaza. Anakata uzi, namsikia. Sitaisubiri arobaini nyingine. Nampelekea barua hii aisome yeye kabla yako, nami nitakaa hapo hapo akisoma.

Baba yako.

Haika, ni mama. Nimesoma mara mbili. Baba yako amekaa kitandani na viatu miguuni, sijamwambia neno na sijui nitamwambia lini. Hayo ni yetu, wewe usiyabebe.

Zipu imekaa vizuri. Fomu nimeitoa kwenye faili. Lile neno hakuna ulilolipata kwetu nimelipiga mstari, nikaandika juu yake: Eliamani, mjomba, kaka wa mama, mapafu. Kiingereza chake utaweka mwenyewe. Na chini yake utaandika kikohozi chako cha mwaka jana, kwa mkono wako. Kesho utampa daktari hiyo karatasi mbele yangu, kabla hamjaingia ndani. Akisema nenda, utakwenda na baraka zangu zote. Akisema hapana, tutarudi nyumbani kwa teksi, ulie njia nzima, nami sitakuambia nyamaza.

Kuhusu kaka yangu nilipewa neno moja nikaishi nalo miaka hii yote. Sitaki siku moja mtu aje anishike mkono aniambie na wewe ilikuwa nimonia.